Directrice wa Site Yangu Aende Naye Lubero

Butembo, Alhamisi asubuhi, mvua ikinyesha

Kwa Papa Phinées,
Shemasi na mukubwa wa familia, Beni

Sababu ya barua: mutu mumoja wa nyumba yangu ambaye hajafika kwangu hata siku moja
Kopi: kwa Henri, mutoto wa dada yako, na kwa Mama mwenye écouteurs, fasi yoyote atapatikana

Papa Phinées mwenye heshima,

Nakusalimia wewe, mama wa nyumba, batoto, na bote banaolala chini ya bati lako. Sisi huku tuko wazima. Viti vinakauka polepole juu ya hii mvua, mais sikuandikii juu ya mvua. Nakuandikia kwa sababu wewe njo ulimusimamia Henri.

Unanijua. Mimi ni Kavugho, mama wa location, wa kukodisha viti. Nilianza na viti makumi mbili vya plastiki. Nilivisukuma mimi mwenyewe ku tshukudu, ile baiskeli ya mbao, toka soko mpaka fasi ya arusi, na mimba ya Mumbere mbele yangu. Leo niko na viti elfu moja mia mbili, hema ine, na sufuria ambazo mutu muzima anaweza kuogea ndani. Chini ya kila kiti nilichoma alama yangu na musumari wa moto. Kiti changu kikipotea mpaka Beni, kinarudi.

Na unajua namna natumika. Kwangu hakuna kusaini makaratasi. Mutu akitaka viti, namuuliza: nani anakusimamia? Analeta mutu mwenye tunamujua, ule mutu anasema: "Kukiwa kasoro, uniulize mimi." Basi, viti vinapanda camion. Hivi njo tulifanya na Henri. Batoto bangu balinichokesha: Mama, siku hizi biashara bila site ya internet ni sawa duka bila mulango. Balisema mufundi yuko Beni, anatengenezea batu site akiwa kwake, hana patron, hana bureau, banamuita freelance. Nikauliza swali langu: nani anamusimamia? Ukaja wewe, Papa Phinées, na koti ya ushemasi, ukakunywa chai yangu, ukakula mandazi tatu, ukasema mbele ya kaka yangu Salomon: "Kukiwa kasoro, uniulize mimi."

Kasoro iko. Nakuuliza wewe.

Nimepanga malalamiko kwa nambari, juu bila nambari nitaandika na hasira, na hasira haina mwisho wa karatasi.

1. Kazi yangu ilitembea kuliko mimi. Nilimupa Henri kazi. Henri akapeana rangi na foto kwa dada mumoja wa kule kule Beni. Ule dada akapeana maandiko kwa rafiki yake wa Kampala. Rafiki wa Kampala akapeana sehemu iliyobaki kwa mutu ambaye bote batatu banasema ni mufundi sana, mais hakuna hata mumoja kati yao alishamuona. Papa, mimi nikikupa viti vya kilio, wewe ukapeana kwa jirani, jirani akapeana kwa binamu, binamu akapeana kwa mutu asiyejulikana, si batu ba kilio batakaa chini? Na ile nambari ya siri ya kufungulia site, kuona nani alipita na alitaka nini, haijafika kwangu. Niliomba mara nane. Henri anasema iko kwa ule dada. Dada anasema iko Kampala. Kampala hawapokei simu. Niko mwenye nyumba, nachungulia nyumba yangu ku dirisha sawa mupita-njia.

2. Viti vyenye viko ku site si vyangu. Ni viti vya dhahabu, na kitambaa cheupe mugongoni, vimepangwa juu ya majani mazuri, na nyuma yake kuna bahari. Papa Phinées, wewe uko mutu wa Beni, mais Butembo unaijua. Tuko na milima, tuko na vumbi, vumbi ikiisha tuko na matope. Bahari hatuna. Ku arusi moja ya juzi, mama wa bibi-arusi alizunguka camion yangu mara tatu akitafuta viti vya dhahabu. Nikamuonyesha vya bluu na vyekundu. Akaniuliza kwa upole kama vile vingine vimebaki kule baharini. Kwa bahati mbaya Mama Jokébed alikuwa pale. Ni ule wa ng'ambo ya barabara, naye anakodisha viti, vibovu. Tangu siku ile akiniona nafungua depo, anapaza sauti ili sokoni bote basikie: "Weee, Mama Kavugho! Maji imefika wapi leo? Tupandishe vitu?"

3. Ya tatu njo inaniuma zaidi. Ku site kuna ukurasa wa "Équipe yetu". Kuna batu batano. Wa kwanza, mbele ya bote, ni mama mumoja muzungu, nywele ya manjano, meno yote nje, na écouteurs za kusikilizia ku kichwa, na kamikro kadogo mbele ya mudomo sawa mutu anayeongoza ndege. Chini yake baliandika: Directrice générale, yaani mukubwa wa bote. Pembeni kuna bwana wa ndevu na karavati, chef wa usafirishaji. Niliangalia mikono yake. Kiti changu kimoja kikimuangukia kidole, atalazwa. Vijana bangu sita benye banabeba viti kweli, hata kivuli chao hakiko.

Nikatafuta mimi mwenyewe. Nikashuka, nikashuka, mpaka kidole kikachoka. Papa Phinées, niko. Niko chini kabisa, fasi inaitwa "Bateja benye furaha". Ni foto yangu ya kikwembe cha kijani, ile nilimutumia Henri aiweke juu. Pembeni yake baliandika: "Kavugho, Butembo: Huduma nzuri sana, nitarudi tena." Nitarudi tena wapi? Nilitoka lini? Na chini ya maneno balichora nyota. Inafaa kuwa tano. Mimi niko na ine. Yaani nimeshukuru nyumba yangu mwenyewe, na bado sikutosheka.

4. Huyu Directrice haonekani ku shida za batu. Kwetu mutu akiitwa mukubwa wa nyumba, kuko kazi. Tangu site ilifunguka tulipata vilio viwili na ubatizo mumoja hapa karibu. Kila fasi batu bananiuliza: "Na Directrice?" Mara ya kwanza nilisema kichwa kinamuuma. Mara ya pili nilisema amesafiri. Sasa banasema ana majivuno. Hakuosha sahani hata moja. Hakuleta kuni, hakuleta sukari ya kikombe kimoja. Kanisani balimuhesabu kati ya batu ba kusaidia bati mupya, na fungu lake nilitoa mimi. Nikijaribu kusema hayuko, bamama banagusana na viwiko: "Mama Kavugho, acha kutufichia muzungu wako. Hatutamukula."

5. Haitikii salamu. Ku pembe ya site kuna kadirisha kadogo kanaruka na sura yake, kanasema: "Habari! Niko hapa kukusaidia." Mutu akiandika, anajibiwa pale pale, na jibu ni moja kwa bote, sawa vile balitaka kukodisha viti: "Asante kwa commande yako. Tutaleta mpaka fasi uko." Pasteri alimuandikia kumukaribisha kwa ibada. Alijibu: Asante kwa commande yako. Mutoto wa jirani alimuandikia kwamba yeye ni mbuzi na amepotea. Alijibu vile vile, tutaleta mpaka fasi uko. Batoto banacheka mpaka banaanguka. Nami nilicheka kidogo, sitakudanganya. Sikujua kwamba hii nambari tano itanizalia nambari sita.

6. Lubero. Hapa, Papa, uvae miwani na usome polepole.

Mumbere, mutoto wangu wa kwanza, amepata muchumba. Ni Ornella, binti wa Papa Gamaliel wa Lubero, mulimaji na muuzaji wa viazi, mutu wa heshima. Ule binti nilimupenda siku ya kwanza. Alikuja kunisalimia, akakuta arusi imerudisha viti, akakunja mikono ya nguo, akapangusa viti mia bila mutu kumuambia. Nilimuambia Mumbere: huyu ukimuacha, mimi nitamuoa mwenyewe niweke ku depo.

Papa Gamaliel, kabla ya kutupokea, alitaka kujua sisi ni batu gani. Bakamuonyesha site. Akamuona mukubwa wa nyumba yetu. Na kwa vile ni mutu wa adabu, aliandika ndani ya kale kadirisha. Alimusalimia Directrice. Aliuliza afya yake, afya ya batoto bake, na kama mvua inaharibu mashamba. Akajieleza: mimi ni baba ya Ornella. Akauliza bakubwa ba nyumba batakuja siku gani kuzungumuza juu ya binti.

Akajibiwa: "Asante kwa commande yako. Tutaleta mpaka fasi uko."

Mutu anazungumuza juu ya mutoto wake, banamujibu commande.

Sisi hatukujua kitu. Tulitoka Butembo alfajiri: Salomon na kofia yake ya mambo makubwa, bashangazi babili ba Mumbere, Mumbere mwenyewe akitetemeka hata kabla ya kufika ku baridi, na mimi ku kikwembe kipya. Balitupokea vizuri, chai ya moto, moto ku jiko. Salomon akasimama, akakohoa, akafungua neno la kwanza la posa. Papa Gamaliel akamuacha amalize. Kisha akatoa telefone, akaifuta na shati, akasema: "Bandugu, karibuni sana. Mais naona balitutumia batumishi. Mukubwa wenu amebaki wapi?"

Salomon akasema mukubwa ndiye huyu dada yangu. Papa Gamaliel akaangalia telefone. Akaniangalia. Akaangalia tena telefone. "Aa, huyu mama tunamujua," akasema. "Ni muteja wenu. Asante, mama, kwa kubasindikiza."

Na shangazi wa Ornella, toka kule pembeni, akaongezea: "Hata naye hakutosheka sana. Alibapa nyota ine."

Balitupikia. Balitupa gunia la viazi, zuri, sitasema uongo. Na balituambia kwamba neno la mbuzi ya mahari, neno la siku, neno lolote la arusi, halitafunguliwa mpaka Directrice atafika mwenyewe na kuitikia ile salamu. Tulirudi na gunia letu. Salomon aliweka kofia yake ndani ya mufuko wa plastiki. Tangu pale Mumbere hakuli. Anakaa ku depo, juu ya viti vilivyobebana, karibu na bati, nami nikimuita anasema hana njaa. Ornella naye ameandika kwamba kwao banamuita "commande." Batoto babili banataka kuoana, na kinachobazuia ni mutu wa foto.

7. Na faida je? Hii ni fupi. Batu benye balikuja kwangu kupitia site mpaka leo: sifuri. Nimehesabu mara mbili, juu sifuri inaweza kudanganya.

Sasa nifike ku ombi. Nilipomupigia Henri, alinijibu kwamba ule mama "hayuko," kwamba ku internet kuna fasi banauzisha foto za batu benye meno mazuri, na kila mufundi anachota pale. Papa, tufikiri pamoja sawa batu bakubwa. Kama foto iko, mutu alisimama mbele ya kamera. Kama alisimama, yuko. Kama yuko, na sura yake imetundikwa ku nyumba yangu na cheo chini yake, ni mutu wa nyumba yangu. Na mutu wa nyumba yangu anaenda posa. Mimi sioni fasi ya kutokea ku hii hesabu. Nimejaribu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima yote:

Kwanza, umufikishe ule mama Butembo kabla ya Jumamosi ya juma lijalo, tutoke pamoja kwenda Lubero. Atalala kwangu, kitanda kiko. Nitamushonea kikwembe sawa na cha bashangazi. Henri anitumie kipimo cha kiuno, juu ile foto inaishia ku kifua. Écouteurs asivue hata kidogo, bila hizo Lubero hawatamutambua.

Tena, ajifunze kusema vitu vitatu, hata kama ni kwa kusoma ku kiganja: aitikie salamu ya Papa Gamaliel, aombe radhi juu ya ile commande, na aseme wazi mbele ya bote kwamba mukubwa wa nyumba ni Kavugho. Akimaliza, akae, akule. Asicheke sana. Baridi ya Lubero na meno ya vile havipatani.

Bwana wa ndevu naye aje, abebe zawadi. Kama ni chef wa usafirishaji, asafirishe.

Na kama ule mama hapatikani, tunafuata sheria yetu ya viti. Kiti kikipotea, mwenye alisimama analeta kiti. Directrice akipotea, mwenye alisimama analeta directrice. Na asipomupata, anakaa yeye mwenyewe fasi yake. Donc, Papa Phinées, utaenda Lubero wewe. Utavaa écouteurs ku kichwa, kamikro mbele ya mudomo. Henri atakuazima zile za kompyuta yake. Nywele ya manjano nakusamehe. Najua uko shemasi na mambo kama haya hayaonekani vizuri. Mais ulisema "uniulize mimi," hukusema "uniulize mimi isipokuwa ku Lubero." Fasi yako ya mbele ndani ya gari nimeishaiweka.

Sina ubaya na Henri. Ni kijana wa akili, na akijifunza kuuliza mwenye nyumba ni nani kabla ya kupaka rangi, atafika mbali. Naomba tu siku nyingine kazi yake aifanye na mikono yake.

Unisalimie mama wa nyumba, umuambie sahani ya mandazi ingali hapa. Salimia kwaya yote. Salimia ule dada wa rangi na foto. Kama kuna njia, salimia Kampala, na huko Kampala bamusalimie ule mutu ambaye hakuna aliyemuona. Henri naye umusalimie, mais bila kucheka.

Mwasingya kutsibu, asante sana, na mubaki na amani.

Kavugho,
mwenye nyumba, si muteja

P.S. Nilikuwa natia barua ndani ya bahasha, Papa Gamaliel akanipigia toka Lubero. Hata salamu aliikata kati, yeye! Akaniuliza: "Mama Kavugho, huyu mama wenu anafanya nini ndani ya viazi vyangu?"

Kumbe mupwa wake naye alimutengenezeshea site ya viazi, na kazi aliipeana kwa mufundi mumoja wa Beni. Jina sitataja, mujomba wake ni shemasi. Imefunguka leo asubuhi. Mbele kabisa, ule mama, meno yale yale, écouteurs zile zile: Directrice wa mavuno. Bwana wa ndevu naye yuko, ameshika udongo. Na Papa Gamaliel, mwenye mashamba, yuko chini kabisa kati ya bateja benye furaha. Anasema viazi ni vitamu na atarudi tena. Tulicheka mpaka unité zake za simu zikaisha, nikamupigia mimi, tukaendelea. Akasema kama mukubwa wetu ni mukubwa wao pia, basi alikuwa amekaa kwao siku zote, na posa imefika. Neno limefunguliwa. Arusi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Mumbere ameshuka toka juu ya viti, amekula sahani mbili.

Kwa hiyo usivae écouteurs. Na Henri asimuguse ule mama: Lubero banabaki na wao, mimi siwezi kuingia ku arusi ya mutoto wangu bila Directrice. Arekebishe kitu kimoja tu. Papa Gamaliel, kule chini, balimupa nyota tano. Aniongezee yangu.

Ile nambari ya siri nayo imefika, toka Kampala. Mumbere amefungua, na ile nambari saba yangu, ya sifuri, naomba uifute na kalamu. Ndani tumekuta commande makumi ine na moja, zote zilishajibiwa kwa jina la nyumba yangu: tutaleta mpaka fasi uko. Kwa Jumamosi ile ya arusi, viti vyote elfu moja mia mbili vimechukuliwa, na hema zote ine. Neno likishatoka kwangu silirudishi. Nimevuka barabara, nimeenda kuomba viti vya arusi kwa Mama Jokébed. Alifurahi sana, alikaa chini kwanza ili afurahi vizuri. Kisha akaniuliza nani ananisimamia.

Nimemutajia wewe.